Haidrojeni Kloridi Darasani: Historia ya Jaribio la Infraredi kwa Gesi

Katika maabara za kemia za vyuo vikuu vingi duniani, mwanafunzi wa shahada ya kwanza anapofika mwaka wa pili au wa tatu hukabidhiwa bomba la kioo lenye urefu wa sentimita 10, lililozibwa ncha zote mbili kwa vibamba angavu vya chumvi. Ndani yake huingizwa gesi ya haidrojeni kloridi, bomba huwekwa katika njia ya mionzi ya infraredi, na mashine huchora makundi mawili ya mistari iliyopangana kama meno ya kitana, na pengo katikati. Kwa mistari hiyo mwanafunzi hukokotoa umbali kati ya kiini cha haidrojeni na kiini cha klorini, ugumu wa kifungo kinachoviunganisha, na hata dalili za aina mbili za klorini zilizomo katika chumvi ya mezani. Vipimo vyenyewe humalizika kwa alasiri moja. Kabla ya mwaka 1920 kazi hiyohiyo ilikuwa utafiti mpya kabisa, na walioweza kuifanya duniani walikuwa wachache mno.

Historia ya jaribio hili ni historia ya vyombo. Kila chombo kipya kilimpunguzia mwanafunzi kazi ya aina fulani, na walimu wakalazimika kuamua ni kazi gani abaki nayo.

Gesi ina nafasi yake ya pekee katika somo hili. Katika kimiminika au kitu kigumu, molekuli zimebanana. Hutetemeka, lakini haziwezi kuzunguka kwa uhuru. Zinapofyonza infraredi huacha vilima vipana tu, vinavyofaa kutambulisha kilichomo: hapa pana kundi la alkoholi, pale pana kabonili. Gesi yenye kanieneo dogo huziacha molekuli zizunguke, na kila kiwango cha mzunguko huacha mstari wake. Ndiyo sababu infraredi ya vimiminika ilikwenda kwa walimu wa kemia ogania, ikawa nyenzo ya kutambulishia, na infraredi ya gesi ikabaki kwa walimu wa kemia ya kifizikia, ikawa nyenzo ya kupimia.

Mionzi yenyewe iligunduliwa mwaka 1800 na William Herschel, mwanafalaki aliyeishi Slough, Uingereza. Aliutawanya mwanga wa jua kwa prizimu, akaweka vipimajoto katika kila rangi, akaona kile kilichokuwa nje ya rangi nyekundu, mahali pasipo na mwanga wa kuonekana, kinapanda kuliko vyote. Kipimajoto cha zebaki kilikuwa kizito mno kwa utafiti wa ndani zaidi. Hali ilibadilika miaka ya 1830, Macedonio Melloni wa Italia alipotumia themopaili, yaani rundo la vipande vya metali mbili linalozalisha umeme kidogo likipata joto. Melloni ndiye pia aliyeonyesha kwamba chumvi ya mawe hupitisha mionzi hii vizuri sana, ilhali kioo cha kawaida huizuia kwa kiasi kikubwa. Bila habari hiyo ndogo kuhusu chumvi, hakuna bomba la gesi.

Aliyeitumia kwa gesi ni John Tyndall, mzaliwa wa Ireland, mhadhiri wa Royal Institution jijini London. Katika masika ya mwaka 1859 alitengeneza bomba la metali lenye urefu wa zaidi ya mita moja, akaliziba kwa vibamba vya chumvi ya mawe, akaweka chanzo cha joto upande mmoja na themopaili upande wa pili. Ujanja wake mkubwa ulikuwa chanzo cha pili cha joto, kilichowekwa nyuma ya themopaili ili kuusawazisha mshale wa galvanomita kwenye sifuri. Gesi ikiingia na kufyonza mionzi, mizani huvunjika na mshale husogea. Naitrojeni, oksijeni na haidrojeni hazikuusogeza karibu hata kidogo. Mvuke wa maji, kabonidioksidi na ethilini viliusogeza vibaya sana, ingawa kwa macho gesi zote hizo ni angavu vilevile.

Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1856, Mmarekani Eunice Foote alikuwa ameweka mitungi ya gesi juani na kuona ule wa kabonidioksidi ukipata joto zaidi na kupoa polepole. Makala yake ilisomwa Albany, New York, na Joseph Henry. Vyombo vya Foote havikuweza kutenganisha infraredi na mwanga mwingine wa jua, lakini haki ya kutangulia ni yake, na ilichukua zaidi ya karne moja kurudishwa. Tyndall alikuwa na kitu ambacho Foote hakupewa: jukwaa. Tarehe 10 Juni 1859 alionyesha jaribio lake mbele ya hadhira ya Royal Institution, Prince Albert akiwa mwenyekiti wa kikao. Hivyo infraredi ya gesi ilianza maisha yake ikiwa tayari somo la kuonyeshwa watu, miaka mia moja kabla mwanafunzi wa kawaida hajaruhusiwa kuigusa.

Hata hivyo Tyndall alipata namba moja tu kwa kila gesi. Hakujua ni sehemu gani ya infraredi iliyofyonzwa. Kuitawanya mionzi na kuipima kipande kwa kipande kulihitaji kipimo chepesi zaidi kuliko themopaili yake, na vipimo vya namna hiyo vilikuja mwishoni mwa karne, kikiwemo bolomita cha Samuel Langley. Huko Uppsala, Sweden, Knut Ångström alipima kabonidioksidi na kabonimonoksidi. Marekani, William Coblentz alipima vitu zaidi ya mia moja, zikiwemo gesi, na mwaka 1905 Taasisi ya Carnegie ya Washington ikachapisha matokeo yake. Kazi hiyo ilifanywa nukta kwa nukta: prizimu inasogezwa kidogo, kipimo kinasomwa, namba inaandikwa, prizimu inasogezwa tena. Nani angempa mwanafunzi kazi ya aina hiyo kwa alasiri moja?

Hatua iliyofuata ilitoka Uppsala pia. Eva von Bahr aliandika tasnifu yake ya mwaka 1908 kuhusu namna kanieneo linavyobadilisha ufyonzaji wa infraredi katika gesi. Jambo aliloshughulikia bado huwashangaza wanafunzi: bomba likiwa na gesi inayofyonza, ukaongeza gesi nyingine isiyofyonza kabisa, kama naitrojeni, ufyonzaji unaopimwa huongezeka. Migongano ya molekuli huipanua mistari. Mwaka 1909 von Bahr alikuwa mwanamke wa kwanza nchini Sweden kuwa dosenti wa fizikia, lakini baada ya kifo cha Ångström mwaka 1910 hakuona njia ya mbele hapo Uppsala, akahamia Berlin katika maabara ya Heinrich Rubens.

Mjini Berlin swali lilikuwa limeshaiva. Mwaka 1912 Niels Bjerrum wa Denmark alidai kwamba mizunguko ya molekuli hufuata nadharia ya kwanta: haiwezi kuwa ya kasi yoyote ile, hupanda kwa ngazi. Ikiwa ndivyo, vilima viwili ambavyo watu walikuwa wameanza kuviona katika gesi kama haidrojeni kloridi vilipaswa, vikitazamwa kwa chombo kikali zaidi, kupasuka na kuwa mistari mingi yenye nafasi zinazokaribiana kwa ukubwa. Mwaka 1913 von Bahr alivipasua. Baadaye aliacha utafiti, akawa mwalimu na kuhamia Kungälv, mji mdogo wa Sweden. Ni huko, katika Krismasi ya mwaka 1938, alikomkaribisha rafiki yake Lise Meitner, mkimbizi kutoka Ujerumani, na ni katika ziara hiyo Meitner na mpwa wake Otto Frisch walipoeleza kupasuka kwa kiini cha urani. Vitabu vya kemia humtaja von Bahr kwa nadra, na pale anapotajwa hadithi ya Kungälv huichukua nafasi ya kazi yake mwenyewe.

Mistari ya Berlin bado ilikuwa na ukungu. Aliyeisafisha ni Elmer Imes, Mmarekani mweusi aliyesoma Chuo Kikuu cha Fisk huko Nashville, Tennessee, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Michigan kufanya utafiti chini ya Harrison Randall. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1918, Mmarekani mweusi wa pili kuipata katika fizikia baada ya Edward Bouchet wa mwaka 1876. Makala yake ya mwaka 1919 katika Astrophysical Journal ilionyesha mistari ya haidrojeni kloridi, haidrojeni bromidi na haidrojeni floridi kwa ukali ambao haukuwa umewahi kuonekana. Mambo mawili ndani yake yaliwasumbua wasomaji. Kwanza, pengo la katikati lilikuwa kweli pengo. Mstari uliotarajiwa hapo haukuwepo. Pili, katika bendi dhaifu ya mikromita 1.76 kila mstari ulikuwa na mwenzake mdogo pembeni. Mwaka 1920 F. W. Loomis na Adolf Kratzer, kila mmoja kivyake, walieleza kwamba wadogo hao ni molekuli zenye klorini ya uzito wa 37, na wakubwa ni zenye klorini ya 35. Francis Aston wa Cambridge alikuwa ametoka tu kuzitambua klorini hizo mbili kwa njia nyingine kabisa. Kuhusu pengo, jibu kamili lilingoja nadharia mpya ya kwanta ya miaka ya 1925 na 1926.

Mwaka 1932, mara tu Harold Urey alipotangaza haidrojeni nzito, watu wa Michigan, Hardy, Barker na Dennison, walipima haidrojeni kloridi iliyotengenezwa kwa haidrojeni hiyo. Kwa hiyo kabla ya Vita Kuu ya Pili kila kitu ambacho leo mwanafunzi huandika katika ripoti yake kilikuwa kimeshajulikana. Kilichokosekana ni mashine ambayo chuo kingeweza kuinunua na mwanafunzi asiiharibu.

Mashine hiyo ilizaliwa kwa ajili ya mpira. Mapema mwaka 1942 Japani iliteka Malaya na visiwa vya Indonesia, na mpira wa asili wa dunia ukapotea karibu wote kwa mataifa yaliyopigana nayo. Afrika iliguswa mara moja: Tanganyika mashamba ya mpira yaliyotelekezwa tangu enzi za Wajerumani yalifufuliwa, na katika Kongo ya Wabelgiji wanakijiji walirudishwa msituni kutafuta utomvu kwa kulazimishwa. Marekani iliamua kutengeneza mpira kiwandani kutokana na butadaini. Hiyo ni gesi inayotoka ikiwa imechanganyika na ndugu zake wenye atomi nne za kaboni, na kuzitenganisha kwa vipimo vya kawaida vya kemia kulichukua muda mrefu. Infraredi ilizitofautisha kwa muda mfupi. Kwa kufuata muundo wa Robert Brattain wa maabara ya Shell, kiwanda cha Arnold Beckman huko California kilitengeneza spektromita ya IR-1 mwaka 1942. Perkin-Elmer wa Connecticut wakafuata na Model 12 mwaka 1944. Spektromita za kwanza kuuzwa kwa wakemia zilikuwa, kwa hakika, mashine za kupimia gesi.

Baada ya vita zikaja mashine zenye miali miwili: mmoja hupita katika sampuli, mwingine hupita pembeni, na kalamu huchora uwiano wake. Kwa gesi hili lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu hewa ya chumba ina mvuke wa maji na kabonidioksidi vinavyofyonza infraredi, na katika mashine ya mwali mmoja mistari yao hujichanganya na ya sampuli. Mwali wa pili uliifuta kwa kiasi kikubwa.

Wajuzi wa kuzitumia mashine hizo walikuwa wachache, na hapo Fisk ikarudi katika hadithi. Imes alikuwa amerudi kufundisha fizikia huko mwaka 1930, akafa mwaka 1941. Mwanafunzi wake James Lawson, aliyesomea pia Michigan, aliendeleza idara, na mwaka 1950 Fisk, chini ya Nelson Fuson, ikaanzisha taasisi ya infraredi iliyofundisha kila kiangazi. Wakemia wa viwandani na walimu wa vyuo walikwenda Nashville, katika jimbo lililokuwa bado linatenganisha weusi na weupe kisheria, kujifunza infraredi katika chuo cha watu weusi. Karibu na wakati huohuo Richard Lord alianzisha kozi kama hiyo MIT. Mwaka 1972 ilihamia Bowdoin College katika jimbo la Maine. Kozi hizi hazikuwa za shahada ya kwanza, lakini waliozipitia ndio waliorudi vyuoni mwao na kudai mashine.

Mwaka 1957 Perkin-Elmer walitoa Model 137, iliyoitwa Infracord: mashine ndogo ya kukaa juu ya meza, yenye prizimu ya chumvi na kalamu inayochora kwenye karatasi iliyozungushiwa ngoma. Bei yake ilikuwa chini ya zile zilizotangulia, na uendeshaji wake ulifundishika kwa muda mfupi. Vyuo vingi vya Marekani na Ulaya vilipata infraredi ya wanafunzi kwa njia hiyo. Lakini prizimu ya chumvi haioni vizuri katika eneo ambako haidrojeni kloridi hufyonza. Mwanafunzi alipata vilima viwili vyenye mikunjo, na mwalimu aliyetaka mistari iliyo wazi ilimbidi atafute mashine ya gratingi, yaani yenye bamba la mifereji myembamba linalotawanya mionzi kwa ukali zaidi. Mashine za gratingi zilipopungua bei miaka ya 1960, mistari ilisimama peke yake hata kwa mwanafunzi.

Vitabu navyo vilifika. Mwaka 1962 David Shoemaker na Carl Garland wa MIT walichapisha Experiments in Physical Chemistry, na katika matoleo yaliyofuata, ambayo baadaye yaliongezewa jina la Joseph Nibler, jaribio la haidrojeni kloridi na ndugu yake mzito likawa la kudumu. Mwaka 1966 C. N. Banwell wa Uingereza alitoa kitabu kifupi cha misingi ya spektroskopia ya molekuli ambacho vizazi vya wanafunzi vimekisoma. Tangu hapo maelekezo ya jaribio hayajabadilika sana.

Jaribio lenyewe huanza mbali na mashine, ndani ya kabati la kuvuta moshi. Asidi ya salfuriki iliyokolea hudondoshwa juu ya chumvi kavu ya mezani, na gesi inayofuka huelekezwa katika bomba lililokwisha kutolewa hewa kwa pampu, mpaka kanieneo lifikie sehemu ndogo ya lile la hewa ya kawaida. Kisha koki hufungwa. Kwa molekuli nzito hutumika maji mazito pamoja na benzoili kloridi. Vibamba vya chumvi ndivyo vinavyohitaji adabu. Hushikwa kwa kingo, kwa glavu, kwa sababu jasho la kidole huacha alama ya kudumu. Havioshwi kwa maji. Vikishikwa na ukungu husuguliwa juu ya kitambaa chenye ethanoli kidogo na unga laini wa kung'arishia, na vikitoka kwenye mashine hurudishwa mara moja ndani ya chombo chenye silika jeli. Katika miji ya pwani yenye unyevu, kama Mombasa au Dar es Salaam, hewa peke yake hutosha kuviharibu. Vibamba vya kalisi floridi haviogopi maji namna hiyo, na kwa haidrojeni kloridi vinafaa kabisa, ila huzuia mionzi yenye mawimbi chini ya takriban 1,100 kwa sentimita.

Mchoro ukishatoka, kazi ni kusoma. Vipimo hutolewa kwa idadi ya mawimbi yanayoenea katika sentimita moja. Kwa molekuli yenye klorini ya 35, mstari wa kwanza juu ya pengo uko kwenye 2,906.2 na wa kwanza chini ya pengo uko kwenye 2,865.1. Unaofuata kwa juu uko kwenye 2,925.9, na unaofuata kwa chini uko kwenye 2,843.6. Kati ya mistari jirani pana nafasi ya karibu 20. Kwenye pengo ni karibu mara mbili, kwa kuwa mstari mmoja haupo. Kosa linalorudiwa kila mwaka na kila darasa ni kuhesabu mistari moja kwa moja bila kuliachia pengo nafasi yake. Namba zote zinazofuata huharibika, na mara nyingi mwanafunzi hagundui mpaka anapopata umbali wa atomi usioingia akilini.

Mwanafunzi makini huchukua tofauti za mistari kwa hila. Mstari wa 2,906.2 na ule wa 2,843.6 huishia katika ngazi moja ya juu. Tofauti yake, takriban 62.6, inahusu ngazi za chini peke yake, na ikigawanywa kwa 6 hutoa 10.43, kipimo cha mzunguko wa molekuli iliyotulia. Mstari wa 2,925.9 na wa 2,865.1 huanzia ngazi moja ya chini. Tofauti yake ya 60.8, ikigawanywa kwa 6, hutoa 10.13, kipimo cha molekuli hiyohiyo ikiwa inatetemeka. Kimepungua. Molekuli inayotetemeka ina umbali mkubwa kidogo kati ya atomi zake, kwa hiyo huzunguka kana kwamba ni nzito zaidi. Ukirudi nyuma nusu ya tofauti hiyo, kutoka 10.43 hadi takriban 10.58, unapata molekuli ya kinadharia isiyotetemeka kabisa, na umbali wa pikomita 127.5 kati ya viini. Namba nne zilizosomwa kwenye karatasi zinatosha kwa hayo yote. Katika kemia ya shahada ya kwanza ni vigumu kupata jaribio jingine linalolipa hivyo kwa jasho dogo.

Karibu na kila mstari, mawimbi mawili hivi chini yake, husimama mwenzake wenye kimo cha karibu theluthi moja: klorini ya 37. Mashine ikipangwa kwa ukali mdogo hupotea. Na mstari mrefu kuliko yote katika kila kundi si wa kwanza. Ni wa tatu au wa nne, kwa sababu katika joto la chumba molekuli nyingi zinazunguka tayari. Kwa hiyo urefu wa mistari ni kipimajoto, jambo ambalo wanafalaki hulitumia kwa nyota na sayari.

Walimu waliochoshwa na haidrojeni kloridi walitafuta gesi nyingine. Kabonimonoksidi ina mistari iliyosongamana, nafasi ya chini ya mawimbi 4, hivyo inahitaji mashine nzuri na tahadhari kubwa, maana ni sumu isiyo na harufu. Asetilini hupatikana kwa kudondosha maji juu ya kabaidi, kama wafanyavyo wachomeleaji vyuma. Mistari yake hupishana mmoja mnene, mmoja mwembamba, kwa uwiano wa tatu kwa moja, kwa sababu viini viwili vya haidrojeni vinafanana kabisa na nadharia ya kwanta huvihesabu tofauti kulingana na ngazi ya mzunguko. Naitrasi oksidi, gesi ya ganzi ya madaktari wa meno, hutatua fumbo zuri zaidi: oksijeni iko katikati au pembeni? Kama ingekuwa katikati, kurefuka na kufupika kwa pande mbili kwa pamoja kusingefyonza infraredi. Lakini gesi hufyonza kwa nguvu kwenye 2,224 na tena kwenye 1,285, kwa hiyo oksijeni iko pembeni. Kabonidioksidi, yenye ulinganifu, ina 2,349 na 667 tu kati ya mitetemo yake ya msingi, na mwanafunzi anaweza kuipata kwa kupuliza pumzi.

Mapinduzi ya mwisho ya chombo yaliondoa prizimu na gratingi pia. Katika intaferomita ya Michelson mwali hugawanywa mara mbili, kioo kimoja husogea, na miali ikiungana tena hutoa wimbi moja lililobeba spektra nzima. Hesabu ya Fourier hulichambua. Peter Fellgett wa Uingereza alikuwa ameshaonyesha faida yake mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini hesabu ilichukua muda mno hadi James Cooley na John Tukey walipochapisha njia ya haraka mwaka 1965. Digilab walitoa mashine ya kibiashara, FTS-14, mwaka 1969. Kompyuta ndogo zilipoenea miaka ya 1980, mashine za namna hiyo ziliingia katika maabara za kufundishia. Leza ya heli na neoni hupima mwendo wa kioo, hivyo usahihi wa namba ni mkubwa; na ukali hutegemea umbali kioo kinaposafiri, ambapo sentimita moja hutoa takriban nusu ya wimbi kwa sentimita. Mchoro uliochukua dakika nyingi ukawa wa sekunde chache.

Kilichopotea ni ule mguso wa vyombo. Mwanafunzi wa Infracord aliona mpenyo wa kupitishia mwali ukipanuka na kalamu ikitetemeka, akaelewa kwa nini mchoro una kelele. Wa leo hubonyeza kitufe. Walimu walihamishia ugumu katika hesabu: mistari yote huingizwa kwenye jedwali la kompyuta na kulinganishwa na fomula yenye vigezo kadhaa, kisha thamani zake huwekwa pembeni ya zile zilizokokotolewa kwa nadharia ya kwanta, au za hifadhidata ya HITRAN, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na jeshi la anga la Marekani kwa ajili ya kuelewa angahewa. Pengine uhamisho huo ni wa haki, ila mwanafunzi asiyejua mashine yake hana sababu ya kuitilia shaka.

Mabadiliko mengine yalikuja kimyakimya. Kwa vimiminika na vitu vigumu, vibamba vya chumvi vimeachwa karibu kabisa: tone hudondoshwa juu ya almasi ndogo, mionzi hugonga kutokea chini, kazi imekwisha. Almasi haifai kwa gesi. Katika vyuo vingi bomba la gesi limebaki kuwa kifaa pekee kinachomtaka mwanafunzi aelewe njia ya mwali kutoka chanzo hadi kipimo, na fundi sanifu asiye na jaribio la gesi hana tena sababu ya kutunza chumvi.

Jaribio limepata pia swali jipya, linalotokana na hali ya hewa. Mwaka 1958 Charles Keeling alianza kupima kabonidioksidi Mauna Loa, Hawaii, kwa kifaa cha infraredi kisicho na prizimu, na maabara za wanafunzi sasa hulinganisha nguvu ya kabonidioksidi, methani na naitrasi oksidi. Hapo ndipo Knut Ångström anaporudi, safari hii upande wa walioshindwa. Mwaka 1900, akipinga hesabu za Svante Arrhenius za mwaka 1896, alidai kwamba kabonidioksidi ya hewani imeshafyonza yote inayoweza kufyonza, kwa kuwa bomba lake la gesi halikuonyesha tofauti ya maana gesi ilipopunguzwa. Mwanafunzi anaweza kurudia jaribio hilo kwa mashine ya kisasa. Katikati ya bendi ya 667 mchoro hugusa sifuri na kubaki hapo, kama Ångström alivyosema. Kwenye mabega ya bendi, ambako mistari ni dhaifu, ufyonzaji huzidi kuongezeka kwa kila kipimo cha gesi kinachoingizwa. Chombo cha mwaka 1900 hakikuwa na ukali wa kuiona mistari hiyo. Tena juu angani kanieneo ni dogo, mistari ni myembamba kuliko ya ndani ya bomba, na mionzi hupita kati yake, kwa sababu ileile aliyoichunguza Eva von Bahr katika tasnifu yake ya mwaka 1908, chuoni kwa Ångström mwenyewe.